Zawadi kwa mteja isigeuke deni

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumzie zawadi ambazo kampuni huwapa wateja wake kwa jina la shukrani. Kwa zaidi ya miaka kumi nilikuwa afisa ununuzi, yaani nilikaa upande wa wanaopokea, na niligundua kwamba watoaji wengi huhangaika na thamani ya kitu ilhali mpokeaji hutazama kwanza siku kilipomfikia.

Zawadi inayopokewa kwa furaha mwezi mmoja baada ya kazi kukamilika na malipo kufanyika, hiyo hiyo humtia mtu mashaka ikiletwa wiki ya kufunguliwa zabuni. Niliwahi kurudisha saa ya mkononi iliyoletwa siku mbili kabla ya kikao cha kuchambua zabuni. Mletaji alinuna, akanikumbusha kuwa mkono mtupu haulambwi. Methali hiyo ndiyo iliyomuumbua, kwa kuwa anayetaka mkono wake ulambwe hashukuru, ananunua. Wala tusijidanganye kwamba hongo ni jambo la watumishi wa umma peke yao: Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Rushwa wa mwaka 2003 unaitaja pia hongo katika sekta binafsi, na Sheria ya Rushwa ya Uingereza ya mwaka 2010 inambana hata anayemhonga mfanyakazi wa kampuni. Ndiyo maana ni busara kuuliza mapema kama kampuni ya mteja imeweka kiwango cha juu au ina daftari la kuandikia zawadi, kisha kuipeleka ofisini mbele ya watu badala ya nyumbani kwa mtu.

Kuhusu kitu chenyewe sina mengi. Kalamu na shajara zenye nembo kubwa ya mtoaji ni matangazo, na zetu zilijaza kabati zima.

Iliyonigusa ni ya msambazaji mmoja aliyetuletea kadi iliyoandikwa kwa mkono, wino umechuruzika kidogo pembeni, akimtaja kwa jina karani wa ghala aliyebaki kazini hadi saa nne usiku ili apokee mzigo uliocheleweshwa na msambazaji mwenyewe. Kadi iliandamana na boksi la vikombe, kimoja kwa kila mtu wa ghala, na mkuu wa idara, ambaye usiku ule alikuwa amelala zake, hakutengewa chochote. Karani aliibandika ukutani juu ya meza yake. Mwaka huohuo tulipokea kadi kadhaa za kuchapwa zilizoanza na "Mteja Mpendwa", na mojawapo ilikosea jina la kampuni yetu.

Nina ombi moja kwa wale wanaotia orodha ya bei mpya ndani ya boksi la zawadi: waitume siku nyingine.

Afisa ununuzi mstaafu