Filamu zetu na degedege

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linaloniumiza ninapotazama filamu zetu. Mtoto akikakamaa na kutokwa na povu mdomoni, papo hapo jirani hushukiwa, mganga huitwa na ubani hufukizwa, wala hakuna mhusika anayetaja malaria. Huku pwani, ambako wapo wanaoamini kwamba degedege huletwa na shetani, picha hiyo humthibitishia mzazi hofu aliyokuwa nayo tangu awali, na saa ambazo mtoto angepata dawa zahanati hupotea bure. Inasikitisha zaidi kwa kuwa Bagamoyo hii hii, pamoja na Korogwe, ni miongoni mwa maeneo ilikofanyiwa majaribio chanjo ya malaria iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021.

Sidai kwamba burudani igeuzwe mhadhara. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa “Twende na Wakati”, ambamo Mkwaju, dereva wa lori, alipata UKIMWI kutokana na mwenendo wake, na wasikilizaji wakafuatilia kisa hicho huku wakijadiliana majumbani kuhusu uzazi wa mpango na kinga. Mchezo ulikuwa mtamu, ndiyo maana ulisikilizwa.

Nawasihi watayarishaji wa leo waketi na wauguzi kabla ya kukamilisha mswada, na angalau mara moja watuonyeshe mganga akimwambia mama, “Huyu mpeleke hospitali sasa hivi.”

Wako,
Msomaji, Dunda, Bagamoyo