Miwani isiwe chambo

Mhariri,

Jumapili iliyopita, katika kanisa moja hapa Mombasa, ilisomwa taarifa ya safari ya misheni iliyokwenda Sri Lanka. Watu walishangilia. Mimi nilikuwemo safarini, nimeshika meza ya miwani, na nilikaa kimya, kwa sababu kila aliyeondoka na miwani mezani kwangu alihesabiwa mle kuwa ameipokea Injili. Wale ni Wabudha. Walichopokea ni miwani.

Naomba nafasi niseme, maana nasikia kundi jingine linaandaliwa na michango ya nauli imeshaanza.

Mimi ni muuguzi mstaafu wa macho. Tulifikia kijiji kimoja cha wilaya ya Kurunegala, bara kidogo kutoka Colombo, nchi ya minazi na mpunga. Mtu wa Pwani kule hajioni mgeni sana. Nazi wanaikuna kwa mbuzi kama yangu ya nyumbani, wali wa nazi ndio chakula cha siku ya heri, na fenesi changa wanalipika mchuzi, jambo ambalo sisi tunaliacha bure na ni hasara yetu. Mwenyeji wetu alikuwa mchungaji wa kanisa dogo ambalo waumini wake wote wanaenea sebuleni. Yeye ndiye aliyekwenda hekaluni kuomba ruhusa, na mtawa mkuu akatupa ukumbi wao wa mahubiri, kwa kuwa kanisani foleni isingeenea.

Tulivua viatu. Wanawake tuliambiwa tusimguse mtawa, na sote tuliambiwa tusipige picha tukiipa mgongo sanamu ya Buddha. Kule watalii wameshafikishwa mahakamani kwa kuzifanyia sanamu hizo mzaha. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Mtu akishapita miaka 40 hivi, jicho huanza kushindwa na vitu vya karibu. Huo si ugonjwa, ni umri, na dawa yake ni lenzi za kusomea, kuanzia +1 hadi +3 hivi. Kadi yetu ya herufi haikutufaa kitu, kwa hiyo nikaomba ungo wa mchele na sindano na uzi. Mama akiweza kuokota vijiwe kwenye mchele na kutunga uzi, miwani imemkaa. Bibi mmoja alitunga, akachomoa, akatunga tena, mpaka wa nyuma yake wakaanza kunung'unika.

Kisha nikafungua kibweta kimoja cha miwani nikakuta ndani kijitabu cha Injili kwa Kisinhala, lugha ya kule, kimekunjwa kikakunjika. Cha pili vivyo hivyo. Kijana wetu mmoja alikuwa amevitia usiku. Nilivitoa vyote. Akaniambia, "Lakini Mama, hatukuja mbali hivi kugawa vioo." Alisema kwa moyo safi, na sina nia ya kumwumbua.

Mchungaji mwenyeji hakugomba. Alisema tu kwamba sisi tutapanda ndege, yeye atabaki na majirani zake. Mwaka 2003 na 2004 makanisa mengi madogo ya vijijini Sri Lanka yalishambuliwa, na shutuma ilikuwa moja: Wakristo wananunua watu kwa misaada. Mwaka huohuo wa 2004 ukapelekwa bungeni mswada wa kuharamisha kubadili watu dini kwa vishawishi. Mahakama ya Juu ilikuta baadhi ya vifungu vyake vinakwenda kinyume cha katiba. Likaja lile wimbi la tsunami la Desemba 26, ambalo hata ufuo wetu ulilionja, lakini kule liliua watu zaidi ya 30,000. Misaada ikamiminika, na shaka ikazidi. Katika hali hiyo, kijitabu ndani ya kibweta ni ushahidi tunaomwachia mwenzetu nyumbani kwake.

Wala shaka yao haikuanza juzi. Francisco de Almeida, Mreno aliyeichoma Mombasa mwaka 1505, ndiye ambaye mwanawe Lourenço alikuwa wa kwanza kuwafikisha Wareno kisiwani humo. Mahekalu yalibomolewa. Walipofuata Waholanzi, mtu akitaka cheo serikalini ilimpasa awe amebatizwa, na wengi walibatizwa. Waholanzi walipoondolewa na Waingereza mwaka 1796, wengi wa Wakristo hao walirudi zao hekaluni. Ubatizo ule ulikuwa wa cheo, na cheo kilipokwisha nao ukaisha. Sijui ni hoja gani nyingine inatakiwa.

Na sisemi kama mtu wa mbali. Nimezaliwa Frere Town, karibu na ile kengele iliyoipa Kengeleni jina lake. Babu wa babu yangu aliletwa hapa baada ya manowari ya Kiingereza kulikamata jahazi la watumwa. Misheni ilimpa shuka, chakula, kipande cha shamba na jina la Kikristo. Nyanya yangu alikuwa akisema mzee huyo aliishukuru misheni mpaka kufa, lakini hakuna siku aliyoulizwa anataka nini. Vyote vilikuja katika furushi moja. Mimi ni Mwanglikana na nitazikwa Mwanglikana. Lakini furushi la namna hiyo nalijua, na sipendi kuliona likifungwa upya na mikono ya watu wa Mombasa.

Najua nitajibiwa kwa Mathayo 28, "Enendeni." Naam, nilikwenda. Na Petro naye ametuagiza tumjibu kila atuulizaye habari za tumaini letu, "kwa upole na kwa hofu." Kuulizwa kupo. Siku mtawa mkuu alipokuja kupimwa, nilimwekea miwani mezani akaivaa mwenyewe, akaniuliza kupitia kwa mchungaji ni kitu gani kimemtoa mwanamke wa umri wangu kwao. Nikamsimulia Bartimayo, kipofu wa Yeriko, na Yesu alivyomwuliza kwanza, "Wataka nikufanyie nini?" Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha naye akanisimulia mfalme Sivi, ambaye katika hadithi zao ni Buddha mwenyewe katika maisha yake ya zamani, aliyeyatoa macho yake mawili akampa kipofu aliyemwomba.

Wakati anaondoka alinionyesha kadi: ameandikisha macho yake yatolewe akifa. Kazini nilikuwa nimesoma habari za shirika lao la kutoa macho, lililoanzishwa mwaka 1961 na daktari Hudson Silva, lakini kadi sikuwahi kuiona. Mwaka 1964 konea zao za kwanza kwenda nje, yaani ngozi angavu ya mbele ya jicho, zilipelekwa Singapore ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu, na tangu hapo wamezipeleka nchi nyingi. Rais wao wa zamani, J. R. Jayewardene, alipofariki mwaka 1996 konea yake ilikwenda Japani. Kwa hiyo kijiji ambacho taarifa yetu inakiita gizani kimezoea kuwagawia wageni mboni za watu wao, na sisi tulikipelekea miwani ya plastiki. Ilifaa, sikatai. Bibi wa sindano atakuwa anashona hadi leo.

Nimeombwa nishike tena meza hiyo. Nimejibu kwamba nitakwenda, ila mezani pangu kisikae kijitabu wala asisimame mtu wa kuombea foleni. Anayetaka kusali nasi kanisa la mwenyeji lipo, na mlango wake haujafungwa. Pili, taarifa ya safari isomwe kwanza na mchungaji wa kule kabla haijasomwa Mombasa. Sijajibiwa. Wachungaji wanaosoma ukurasa huu wakipenda kunijibu hapahapa nitafurahi zaidi, kwa kuwa na waliochanga nauli wanasoma gazeti.

Muuguzi mstaafu,
Frere Town, Mombasa