Feso ya mutuka ya zamani: skochi juu ya skochi haimalize shida

Benye Koksinele (ile Volkswagen ya zamani ya mugongo ya duara) na benye Mercedes W123 banatuuliza kila mara ku garaji yetu hapa Lubumbashi, sababu gani fari moja inawaka kidogo, ukipiga klakson tablo inazimika, kesho yake vyote vinatembea muzuri tu. Mara mingi si ampule, si batri, njo feso yenyewe imechoka, ule mukamba wa nyaya zote toka fari za mbele mupaka mataa ya nyuma.

W123 za mwisho zilitoka ku 1985-1986. Plastiki ya waya inakauka na moto wa motere, unaikunja kidogo inavunjika kama biskuti, shaba ya ndani imekuwa kijani, vumbi ya sezon seshi inaingia, kisha mvua ya Novemba ikikuja kura (umeme) inajitafutia njia yake, hata uzungushe skochi ngapi juu ya waya.

Kinatuogopesha zaidi ni fuzibo, kale kenye kuungua kwanza ili waya isiungue. Imeungua, mutu anaifunga karatasi ya kungaa ya paketi ya sigara ao anaweka ya amperi 16 pa nafasi ya 8. Haiungue tena, ni kweli, sasa waya njo itaungua! Na ku Koksinele batri iko chini ya kiti cha nyuma, kifuniko chake kikipotea, resori za kiti zinaweza kugusa poli za batri na kiti kinawaka moto, kwa hiyo tunanyanyua kile kiti mbele ya yote.

Kazi yenyewe: tunatoa masi ya batri (waya ya minus), tunapiga picha, tunabandika namba ku kila mwisho wa waya, feso ya zamani tunailaza nzima juu ya meza njo inakuwa patro (mufano wa kufuata) ya mupya. Rangi tunafuata za Wajerumani, bruni masi, nyekundu ya batri, nyeusi ya kontakti (ya ufunguo), ili fundi mwengine asipotee. Waya ni ya mutuka, yenye nyuzi mingi, ile rijidi ya nyumba hapana, na mutetemo wa barabara zetu inakatika ndani bila wewe kuona. Fari tunaziongezea rele, ni kaswichi ka umeme kenye kupitisha kura ya fari.

Kama ni waya moja tu imeharibika na zingine ziko laini, tunabadilisha paka hiyo moja. Bei tunasema tukiisha kufungua, sababu mutuka yenye alarmu na radio za kubandikwa na mafundi batano ni kazi ingine kabisa. Ukiwa na kitabu yake yenye plan ya umeme, kuya nayo.