Kihisi cha mwanga hakina mizani ndani

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwandishi wa makala yenu kuhusu viwanda vya karatasi. Baada ya kututembelea kiwandani, aliandika kwamba siku hizi vihisi vya mwanga "vinapima uzito" wa chembe zilizomo majini papo hapo, hivyo maabara ya kiwanda imepitwa na wakati. Mimi ni fundi wa maabara hiyo iliyopitwa na wakati. Kila zamu napima maji meupe, yaani yale yanayochuruzika chini ya wavu wa mashine karatasi inapoanza kushikana.

Rojo inayomiminwa juu ya wavu huwa na maji kama asilimia 99. Nyuzi ndefu hubaki juu. Vijinyuzi, chokaa na udongo wa kaolini hupenya kwa wingi. Ukilinganisha kilichomo kwenye rojo na kilichopenya, unajua wavu umeshika kiasi gani, na mwendesha mashine anaamua aongeze au apunguze polima ya kuzishikisha chembe. Akizidisha, nyuzi hufanya mabonge, na karatasi ukiiinua kwenye mwanga unaona mawingumawingu. Uamuzi huo hauwezi kunisubiri mimi nichuje sampuli, nikaushe kichujio kwenye oveni ya nyuzijoto 105, kipoe, ndipo nipime. Kwa hiyo kihisi tunakihitaji, tena sana.

Ila kinachopima ni mwanga tu. Kinautuma majini, mara nyingi wa infraredi (usioonekana kwa macho) wa takriban nanomita 860 ili rangi ya maji isikisumbue sana, kisha kinasoma uliopita au uliotawanyika. Miligramu kwa lita zinazoonekana kwenye skrini zinatokana na jedwali ambalo mtu aliliweka humo, na jedwali hilo lilitoka kwenye kichujio na mizani. Gramu moja ya chokaa iliyosagwa laini hutawanya mwanga zaidi kuliko gramu moja ya nyuzi. Tukibadilisha aina ya karatasi, tukaongeza chokaa na kupunguza nyuzi, namba hupanda hata kama uzito wa chembe majini ni uleule. Viputo vya hewa navyo huhesabiwa kama chembe. Utelezi wa bakteria ukiganda kwenye kioo, kihisi kinausoma huo badala ya maji.

Liko jambo baya zaidi, na wauzaji hawalitaji mpaka uwaulize. Kihisi kinachosoma mwanga uliotawanyika kwa pembe ya nyuzi 90 hupandisha namba kadiri chembe zinavyoongezeka, lakini hadi kikomo fulani tu. Zikizidi hapo, chembe zenyewe huuziba mwanga usikifikie kipokezi, na namba huanza kushuka. Maji mazito kama uji yanaweza kusomeka kama maji mepesi! Ndiyo maana kwa maji meupe huchaguliwa vihisi vinavyosoma mwanga unaorudi nyuma, au vinavyoupitisha kwenye mwanya mwembamba. Vipo pia vinavyotumia mwanga uliopolarishwa, yaani ambao mawimbi yake yanatetema katika mwelekeo mmoja tu, ili kutenganisha nyuzi na madini. Hivyo navyo vinanihitaji: nachoma sampuli kwa nyuzijoto 525, nyuzi zinateketea, na jivu linalobaki linatuonyesha sehemu ya madini. Bila jivu hilo, kihisi hakina cha kulinganishia.

Simlaumu mwandishi kwa kuvutiwa na skrini. Hata mimi huitazama kabla sijavaa koti la maabara. Lakini angemuuliza mwenyeji wake namba ile ililinganishwa lini na kichujio, kwa aina gani ya karatasi, na nani alifuta kioo mara ya mwisho. Akitaka kuja tena, namshauri achague siku tunayobadilisha aina ya karatasi, asimame kwanza kwenye skrini, kisha anifuate kwenye oveni.

Fundi wa maabara, kiwanda cha karatasi