Herufi za jalada zibaki jaladani

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niseme neno kuhusu herufi, ambazo sisi tunaoshinda kwenye mashine za kuchapa huziona kabla ya kuyaona maneno. Hivi karibuni nililetewa kitabu cha hadithi kilichopangwa chote, kuanzia jalada hadi ukurasa wa mwisho, kwa fonti nene ambayo mistari yake hupanuka taratibu kadiri inavyokaribia ncha, mithili ya suruali ya bugaluu. Jalada lilipendeza mno, lakini kurasa za ndani hazikusomeka.

Fonti za ukoo huo sizipondi hata kidogo. Miongoni mwa zilizo mashuhuri zaidi ni Albertus, iliyobuniwa na Berthold Wolpe, Mjerumani mwenye asili ya Kiyahudi aliyehamia Uingereza mwaka 1935. Wolpe alikuwa amejifunza kuchonga maandishi kwenye shaba nyeusi kwa kukwangua chuma kinachoizunguka herufi mpaka yenyewe ibaki imeinuka, na kazi ya namna hiyo haivumilii vijiguu vyembamba vya kubandika kwenye ncha, ndiyo maana herufi zake ni pana, bapa na zenye kingo kali. Stanley Morison wa Monotype, kampuni ya kutengeneza herufi na mashine za chapa, alipoiona kazi hiyo, alimwomba mwaka 1932 aigeuze kuwa herufi za chapa. Baadaye Wolpe alipamba nayo majalada mengi ya kampuni ya vitabu ya Faber and Faber, alikofanya kazi tangu 1941 hadi 1975, na hadi leo vibao vya majina ya mitaa katika City of London, eneo kongwe la katikati ya jiji la London, vimeandikwa kwa herufi hizo. Kote huko ni maneno machache, makubwa, yanayosomwa kwa mbali.

Sasa ipunguze fonti hiyo hadi pointi 10, uichape kwenye karatasi ya bei nafuu inayonyonya wino, uone. Kiswahili, kama ujuavyo, kimejaa irabu, na neno moja tu kama "hawakuwaambia" lina a tano, mbili kati yake zimepakana. Katika kitabu nilichokitaja matumbo ya a hizo yalikuwa yameziba kabisa, na e nazo zikawa vidoa, hata nikalazimika kukisia neno kwa urefu wake. Mwandishi aliniambia kuwa alitaka kitabu kiwe na "sauti moja", hoja ambayo ningeielewa kama angekuwa anachapa bango.

Ombi langu kwa wachapishaji wetu ni kwamba, kabla ya kuidhinisha kitabu, wachape ukurasa mmoja wa ndani kwenye karatasi ileile itakayotumika, badala ya kuridhika na kioo cha kompyuta, ambacho hakina wino wa kutambaa. Nilifanya hivyo kwa mteja wangu, nikampangia ukurasa uleule mara mbili, wa pili kwa fonti ya kawaida ya vitabu. Aliusoma ule wa pili mpaka chini bila kuvaa miwani.

Mpiga chapa,
Dar es Salaam