Barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo: Mpango uliokwisha ulifikia wapi?

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mhadhiri wa muda wa Kiswahili katika chuo cha umma unachokiongoza hapa Uganda. Nilipitisha malalamiko yangu kwa mkuu wa idara, yakaenda kwa mkuu wa kitivo, yakanyamaziwa huko. Ndiyo maana leo nakuandikia hadharani.

Wiki iliyopita tuliitwa kwenye warsha ya kujadili rasimu ya mpango mkakati mpya, ule unaotakiwa kuendana na Mpango wa Nne wa Maendeleo ya Taifa wa 2025/26 hadi 2029/30. Nilikwenda moja kwa moja kwenye sehemu ya lugha. Kuajiri wahadhiri wa kudumu wa Kiswahili. Kujenga maabara ya lugha. Kuongeza wanafunzi wa ualimu. Mheshimiwa, haya yote tuliyasoma katika mpango uliopita! Kilichobadilishwa ni miaka. Nikanyoosha mkono kuuliza ahadi za awali ziliishia wapi, mwezeshaji akajibu kwamba siku hiyo tulikuja kutazama mbele.

Huko mbele nakujua, kwa sababu wanafunzi wangu ndiko wanakokwenda. Mtaala wa sekondari ya chini ulioanza 2020 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika miaka miwili ya kwanza. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kiwe lugha rasmi, na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu wa kuyatimiza hayo wanatoka vyuoni. Mwanafunzi wangu mmoja alipelekwa kwenye mazoezi ya kufundisha akakuta shule nzima haina mwalimu wa Kiswahili ila yeye, na hajahitimu bado. Alinipigia simu usiku akiuliza afanye nini. Nilimwelekeza nilivyoweza, kisha sikulala.

Sikai katika vikao vyenu, kwa hiyo hapa nakisia. Nadhani mpango huandikwa ili Mamlaka ya Taifa ya Mipango iukubali, na ukishakubaliwa hakuna anayeufungua tena. Huenda pia Wizara ya Fedha hubana fungu la mishahara, nanyi mkaona afadhali kuendelea na sisi wa muda. Kama ndivyo, tuambieni. Lakini kubanwa fedha hakuelezi kwa nini ahadi hizo hazitajwi ofisi ya kuzitimiza, wala gharama yake, wala mwaka wa kupimwa. Lengo la namna hiyo halishindwi kamwe, maana hakuna siku litakayoulizwa.

Mimi naulizwa kila siku. Malipo yangu ya muhula uliopita hayajaingia hadi leo. Mwanangu amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, na mimi nimeacha kumpigia mwenye nyumba simu kwa sababu sina jipya la kumwambia. Karatasi za jaribio la mwisho nilizichapisha kwa pesa ya kukopa. Nimesahihisha zote, nimewasilisha alama zote, kwa wakati. Katika mahafali ulituahidi, mbele ya wazazi, kwamba hakuna kozi ya ualimu itakayokosa mwalimu. Wazazi wale walikupigia makofi, nami nikiwa miongoni mwao nilikuamini.

Ombi langu ni moja. Kabla Baraza la Chuo halijapitisha mpango mpya, toa hadharani ripoti ya utekelezaji wa ule uliokwisha: lengo kwa lengo, lipi lilifikiwa, lipi halikufikiwa, fedha zake zilikwenda wapi. Ibara ya 41 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005 inawapa maofisa siku 21 za kujibu. Ombi rasmi nimeliwasilisha kwa Katibu wa Chuo.

Siombi nafasi katika kamati, wala sitaki kuitwa ofisini kutulizwa. Malipo yangu nitaendelea kuyadai kwa njia yake. Naomba ripoti, Mheshimiwa. Ikiwa imeshaandikwa, itoe. Ikiwa haijaandikwa, simamisha mpango mpya mpaka iandikwe.

Wako katika kazi,
Mhadhiri wa muda, Kiswahili