Kipigo cha mtani kisimfukuzishe kocha

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie tabia yetu, sisi mashabiki pamoja na ninyi waandishi wa michezo, ya kudai kocha afukuzwe kila timu yake inapofungwa na mtani wake wa jadi. Mfano wangu unatoka katika mpira wa Kimarekani wa vyuo vikuu, mchezo ambao wengi hapa Dar es Salaam hawaufuatilii, nami nisingeujua lau si mpangaji mwenzangu aliyewahi kusoma huko.

Novemba 30, 2024, timu ya Chuo Kikuu cha Ohio State, iliyokuwa ikishika nafasi ya pili kwa ubora Marekani, ilifungwa 13-10 na Michigan, ambayo haikuwamo hata katika orodha ya timu 25 bora. Ilifungwa nyumbani, mjini Columbus, katika uwanja unaoingiza watu zaidi ya 100,000 (Uwanja wetu wa Benjamin Mkapa huchukua 60,000). Kilikuwa kipigo cha nne mfululizo kutoka kwa mtani yuleyule, na mtu anayeijua Kariakoo ya siku inayofuata mechi ya Simba na Yanga hahitaji kuelezwa kocha Ryan Day alivyosemwa.

Chuo hakikumfukuza. Katika mtoano wa kuwania ubingwa wa taifa timu yake iliichapa Tennessee 42-17, kisha ikaipiga 41-21 Oregon, ambayo ilikuwa haijapoteza mchezo wowote na ndiyo iliyowafunga 32-31 mwezi Oktoba, halafu ikaitoa Texas 28-14. Fainali ilianza saa tisa na nusu usiku kwa saa zetu, kuamkia Januari 21, 2025. Ohio State iliongoza 31-7, Notre Dame ikajikongoja hadi 31-23, nasi tukaanza kushika vichwa. Ndipo Will Howard, mrushaji mkuu wa Ohio State, huku timu ikihitaji yadi 11 tu ili iendelee kumiliki mpira, akarusha mpira mrefu uliodakwa na Jeremiah Smith, kijana wa mwaka wa kwanza, ukazaa yadi 56. Mchezo ukaisha 34-23.

Najua nitajibiwa kwamba huo ulikuwa msimu wa kwanza wa mtoano wa timu 12 badala ya 4, na kwamba kwa utaratibu wa zamani timu iliyopoteza michezo miwili huenda isingeitwa kabisa, ilhali katika ligi yetu pointi zikishapotea hazirudi. Ni kweli, kama ilivyo kweli kwamba mkuu wa michezo wa chuo hicho alikitaja kikosi kile kuwa cha takribani dola milioni 20, kwa hiyo tusidhani ni watoto wa shule waliochezea sifa tu. Lakini fedha hizo na wachezaji haohao ndio waliofungwa na Michigan, na kati ya kipigo kile na ubingwa zilipita siku 51 tu.

Ombi langu ni dogo. Asubuhi baada ya mechi ya watani, mwandishi wako atueleze kiungo gani aliachwa bila kukabwa na kwa nini mchezaji aliyechoka hakutolewa mapema, badala ya kutuletea majina ya makocha wanaotajwa kuchukua nafasi ya aliyepo.

Msomaji wako,
Mwananyamala, Dar es Salaam